Magadi Kwenye Mboga ya Akumu

Wallahi, Akumu akishika jambo, hata malaika wampishe njia. Kliniki walimwambia mumewe, mzee Ojera, ana presha na aache chumvi. Basi Akumu alirudi hapa Bukoto akamwaga kopo zima la chumvi chooni, sisi majirani tukitazama. Tarumbeta ya mzee nayo akaifungia kabatini, maana nesi alisema asipulize mpaka presha ishuke.

Sasa kumnyima Ojera tarumbeta ni kumnyima maisha. Alipuliza kwenye bendi ya polisi tangu ujana, na alipostaafu akawa anapuliza kanisani kila Jumapili. Lakini hakubisha. Kila asubuhi alikaa kibarazani, mkono juu ya tumbo, akivuta pumzi polepole kama walivyofundishwa bendini. Chai bila sukari, sawa. Viazi vya kuchemsha, sawa. Jioni boo, yaani majani ya kunde kwa ufuta uliosagwa, na mzee akala bila neno.

Presha ikakataa kushuka.

Hapo ndipo Akumu akawaka. "Unakula wapi, Baba Alum? Kamwokya? Nguruwe wa kukaanga, eh?" Ojera akaapa kwamba hali popote. Akumu akamnusa shati, akampekua mifuko. Hata mimi Rukiah alitaka nimchungulie mzee akienda sokoni. Nikamwambia, ala, mume wangu mwenyewe simchungulii, nitamchungulia wako? Akamtuma jirani mwingine. Mtu mzima anafuatwa nyuma akinunua nyanya! Niliona aibu kwa niaba yao.

Siku ya kurudi kliniki akanivuta niwe shahidi. "Nesi, mkanye huyu," akasema. "Nyumbani kwangu chumvi haiingii."

"Mboga unapikaje, mama?"

Akumu akaeleza kwa maringo: majani, ufuta, "na magadi, ili yalainike."

"Magadi? Kila siku?"

"Kila siku. Si chumvi hiyo, ni ya mboga. Kwetu Kitgum wote tunapikia hayo."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamweleza bila ukali kwamba magadi nayo hupandisha presha, na kwa mgonjwa kama Ojera ni yale yale ya chumvi tu.

Loo, mwanamke yule alivyonywea! Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa tarumbeta, akaiweka mapajani mwa mumewe, japo ruhusa ya kuipuliza bado.

"Nisamehe, Baba Alum. Nimekulisha ugonjwa kwa mkono wangu huu. Halafu nikakuita mwongo."

"Magadi hukujua," Ojera akasema. "Hata mimi sikujua, na nilikula kwa hamu. Lakini nilikuapia, Akumu. Nilikuapia kwa kaburi la mama yangu. Kwa nini hukuniamini?"

Kifua cha Akumu kikaanza kupanda na kushuka, akawa anahema kama aliyekimbizwa. Ojera akaweka tarumbeta kando, akamshika Akumu mkono na kumwekea juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Vuta hapa chini, siyo mabegani. Taratibu. Achia."

Akavuta, akaachia, akavuta tena. Machozi yalimtoka tu. Mzee alimwongoza hivyo hivyo mpaka pumzi ikatulia, kisha akaendelea kumshika mkono, akisubiri jibu la swali lake.