Avokado Ndani ya Mfuko wa Mahindi

Wamama, nani hapa anajua mambo ya mahindi? Nisaidieni.

Leo nimefungua ule mfuko usioingiza hewa, tuliofunga baada ya mavuno.
Harufu imenipiga kama pombe.

Nimeingiza mkono. Umetoka na kitu nyeusi, laini, inadondosha maji.

Avokado. Zimeoza zote!

Nikaita mama mkwe. Mnajua huku kwetu Sigor avokado mbichi tunazika ndani ya mahindi ziive. Hata mimi nimelelewa hivyo. Kumbe siku ya kufunga mfuko alikuwa ameshaweka zake.

"Mama, mbona hukuzitoa?"

"Si mlisema huu mfuko usifunguliwe? Nikaogopa."

Jameni. Ni sisi tulimkataza.

Tumemwaga mahindi yote kwa turubai. Yale yaliyokuwa karibu na avokado yameshikana na yana ukungu wa kijani. Hayo nimefukia, hata kuku wasiguse. Yaliyobaki yanaonekana makavu, lakini ukungu mwingine hauonekani, na hii ndio chakula yetu mpaka msimu ujao.

Nikasema tungoje, tuulize mtu. Mama mkwe akachota baadhi ya yale makavu, akapeleka kwa posho mill bila kuniambia.

Amerudi na unga.

"Pika. Nitakula mimi kwanza. Nikiamka salama, watoto pia wale."

Niambieni haraka, tafadhali. Maji imechemka, na ameshaketi mezani na sahani moja.