Mama mkwe kaniokoa kwa trafiki

Jamani, leo nusura baiskeli yangu ilale polisi!

Natoka Mahege na kiroba cha mihogo, nateremka mbio kuelekea darajani. Mara namwona mama mkwe kando ya barabara.

Mkwe humpiti ukiwa juu ya baiskeli. Nikashuka, nikamwamkia, nikaikokota tukavuka pamoja.

Ng'ambo, trafiki! Kakamata baiskeli za watu kibao.

"Wewe, njoo!"

Nikaikokota hadi mbele yake.

"Leo wewe tu ndiye uliyetii ile alama. Baiskeli ndani ya duara jekundu: shuka, ukokote."

Alama ipi tena? Mimi nilimwona mkwe!

Mama akadakia: "Huyu mkwe wangu anazijua zote."

Alhamdulillahi, nikaachiwa.

Sasa mnaozijua nifundisheni haraka. Jioni baba mkwe anakuja nimfundishe 😅