Siku Tuliyowasha Kichwa Kilichouzwa

Siku yangu ya kwanza relini, foremani wa bohari ya vichwa vya treni pale Tabora hakunipa nyundo wala spana. Alinionyesha mlango mdogo wa chuma akasema, "Ingia." Lilikuwa sanduku la moto, mahali mafuta mazito yanapoungua ili kuchemsha maji ya boila. Moto ulikuwa umezimwa tangu jana yake, lakini kuta zilikuwa bado za moto. Nilitambaa humo nikikwangua masizi, na nilipotoka mama yangu mwenyewe asingenitambua.

"Kesho unarudi?" foremani akauliza.

"Narudi, bosi."

"Basi umeajiriwa."

Baada ya kusafisha masanduku nikawa fayamani, yaani mtu wa kulinda moto na kuangalia maji ya boila yasishuke. Kisha nikawa dereva, nikapangiwa Malampaka, kwetu Maswa, kuvuta pamba. Kichwa changu cha mvuke kilikuwa kirefu ajabu: boila katikati, na injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Wasukuma wenzangu walikiita Nzagamba, dume la ng'ombe, kwa jinsi kilivyoguna kikipanda mlima na marobota ya pamba nyuma yake. Kazi ile ilitaka masikio. Magurudumu yakianza kuteleza, unapunguza mvuke na kumwaga mchanga juu ya reli. Ukichelewa, treni yote inasimama.

Kisha yakaja mambo ya soko huria. Mpaka leo siwezi kuyaeleza vizuri. Pamba iliyokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kununuliwa na watu binafsi, kila mmoja na mizani yake na lori lake, kuanzia Bariadi hadi Meatu. Vichwa vya dizeli vikachukua njia yetu. Wakubwa wakaja Malampaka wakatuambia shirika la reli litapunguza wafanyakazi, wiki iliyofuata wengine wakaja wakasema halitapunguza mtu. Nzagamba akasukumwa kwenye reli ya pembeni. Tukasikia ameuzwa kama chuma chakavu. Mimi niliendelea kufika kazini kila asubuhi, nikimpaka grisi, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Asubuhi moja dizeli ikafia stesheni ikiwa na mabehewa ya wazi yaliyojaa marobota. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa, na turubai hazikutosha. Stesheni masta akaja mbio kwangu.

"Mwangaluka, dereva," akanisalimu kwa Kisukuma. "Foremani wa Tabora yuko kwenye simu. Anasema washa Nzagamba, upeleke pamba Shinyanga."

"Si ameuzwa?"

"Nimemwambia hivyo hivyo. Anasema washa."

Fayamani wangu, Kulwa, alikagua plagi za risasi, zile zinazoyeyuka maji yakipungua ili boila lisilipuke. Zilikuwa nzima. Mvuke haupatikani haraka. Geji ilipanda polepole hadi alasiri. Tulipokuwa tayari kuunganisha mabehewa, gari dogo likasimama kando ya reli. Akashuka mfanyabiashara wa vyuma kutoka Mwanza, kanzu yake nyeupe kabisa.

"Mzee wangu, shikamoo. Hicho chuma ni mali yangu. Mbona kinatoa moshi?"

"Marahaba. Nimeamriwa na foremani wa shirika."

"Na mimi nimeuziwa na shirika hilo hilo!"

Tukatazamana. Nikamwambia ukweli: sikujua nani kati yao ana haki. Akatazama mawingu, akatazama pamba ya watu. Akakunja kanzu yake, akapanda ngazi. "Twende. Lakini siachani nacho."

Nzagamba aliteleza mara moja tu, nikamwaga mchanga, akashika. Yule mfanyabiashara alikaa kwenye kiti cha Kulwa, uso umejaa masizi, akicheka kila nilipopiga honi. Tuliingiza marobota chini ya bati la ghala la Shinyanga, na matone ya kwanza yakaanza kupiga.

Mkaguzi wa vichwa alikuwa ananisubiri hapo.

"Nani kakuruhusu kuendesha? Majina yamesomwa Tabora jana. Umepunguzwa."

"Foremani ndiye aliyeniamuru kwa simu."

"Naye kapunguzwa. Jina lake lilitangulia lako."

Nilibaki na kitambaa cha grisi mkononi. Kichwa hakikuwa cha shirika, dereva hakuwa wa shirika, aliyetoa amri hakuwa bosi wa mtu; lakini pamba ilikuwa kavu, na mkaguzi mwenyewe aliipokea. Nzagamba hakurudi Malampaka, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumrudisha. Alikatwa vipande pale pale kwa gesi.

Sasa mimi ni mstaafu hapa Bariadi, nalima mpunga. Wajukuu wakiniuliza niliacha kazi lini, sina jibu moja. Miaka mingi baadaye nilikutana na foremani msibani Maswa, mzee anayetembelea fimbo. Nikamuuliza kilichonisumbua muda wote: siku ile alipopiga simu, alijua kwamba majina yetu yameshasomwa?

"Nilijua," akasema. "Langu na lako."

"Sasa kwa nini?"

"Pamba ingelowa. Na simu ilikuwa bado mezani kwangu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa pia. Nikamshika mkono tukaenda kunawa, chakula kilikuwa tayari.