Miaka Yangu kwenye Treni ya Kitanzi

Siku yangu ya kwanza kazini, mhandisi mkuu hakunipa spana. Alinipandisha kwenye treni ya kitanzi, ile iliyowapindua watu kichwa chini miguu juu kwenye bustani ya michezo kusini mwa Johannesburg, akakaa kando yangu. Tuliposhuka nilijishikiza kwenye nguzo.

"Umeogopa?"

"Sana."

"Sharp, vizuri hivyo. Asiyeiogopa simpi funguo zake."

Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha ufundi mitambo, nimepanga chumba mtaa wa Jeppestown, jijini humo. Mwanamke kwenye karakana ile nilikuwa peke yangu, na kazi niliijua. Kila asubuhi tuliipitia reli yote kwa miguu, tukigonga bolti kwa nyundo: iliyokazwa hulia kama kengele, iliyolegea hujibu kwa sauti nzito. Kisha tulikagua mnyororo unaoivuta treni hadi kileleni, na meno ya chuma yanayoizuia isirudi nyuma. Mlio wa meno yale, ka-ka-ka, uliwatia abiria baridi. Mimi ulinituliza.

Sikukuu moja mota ya mnyororo iliungua, treni ikasimama karibu na kilele, imejaa watu. Meno yakaishika. Meneja wa bustani alitaka tusubiri mota nyingine, wageni waliokuwa foleni wasiingiwe na hofu. Mhandisi mkuu akatazama wingu jeusi likija.

"Eish, radi hiyo. Tunawashusha sasa," alisema, akanigeukia. "Panda."

Nilifungua vizuizi vya mabega kiti kwa kiti, abiria wakateremka kwa ngazi ya kando ya reli. Wa mwisho alikuwa mzee mnene aliyeng'ang'ania chuma, akisali kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

"Baba, mimi ni mtu wa Tanga. Nisikilize."

Akafumbua macho. "Mama, miguu inakatala. Miye nitafia hapa."

"Hufi. Reli hii nimeigonga mwenyewe asubuhi. Shuka kinyumenyume, mimi niko chini yako."

Alishuka akinitajia watoto wake mmoja mmoja. Radi ilipopiga tulikuwa ndani ya karakana, naye akalia bila haya.

Baadaye nikawa fundi msimamizi. Vipuri vikaacha kutengenezwa, bustani ikafungwa, nami ndiye niliyesimamia ubomoaji. Siku hizi nimestaafu, naishi mtaa wa Bertrams, bado Johannesburg, na vijana hunihurumia kwa kuibomoa mashine niliyoilea. Sihitaji huruma. Chuma kina umri wake, na kilichochoka hushushwa mapema. Treni ile ilizeeka bila kumuua mtu. Fundi aombe nini zaidi?