Siku Filamu ya Wavulana Ilipokatika Sauti

Pale kwenye ukumbi wa sinema kila mtu alimwita Mama Tochi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata tiketi mlangoni na kuwamulikia waliochelewa hadi kwenye viti vyao. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumbani aliishi na mumewe na mama mkwe, mkunga mstaafu, na tangu aolewe hakuwahi kupaza sauti mbele ya bibi huyo.

Ndipo ikaja ile filamu ya vichekesho. Ilihusu wavulana watatu wa miaka kumi na miwili waliojitia kujua mambo yote ya wakubwa, kumbe hawajui hata moja, na waliomimina matusi ambayo wenyewe hawakuyaelewa. Bango lilisema ni ya watu wazima tu, na watu wazima wakaja kwa makundi. Mama Tochi alisimama nyuma ya viti siku nenda siku rudi, akiwatazama wao kuliko filamu. Wengine walijifunika uso kwa viganja huku wakichungulia katikati ya vidole. Bwana mmoja mwenye tai alitoka filamu ikiwa katikati, akifoka kwamba huo ni upuuzi mtupu. Kesho yake akarudi na mkewe. Mama Tochi naye alicheka kimoyomoyo, hadi midomo yake ikazoea kuyafuata maneno ya wale watoto.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Filamu ilipofika pale mmoja wa wavulana anapowaringia wenzake, spika zikakoroma, kisha zikanyamaza. Picha inakwenda, midomo inacheza, sauti hakuna. Watu wakapiga miluzi na kugonga viti, fundi akahangaika na nyaya zake. Mama Tochi hakujua ni kitu gani kilichompanda. Alijikuta mbele, amejimulika tochi usoni, anasema kwa sauti ya kitoto:

"Mimi nishambusu msichana."

Akaikwaruza sauti kidogo: "Nani?"

"Humjui. Anakaa mbali. Halafu alishahama."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Akawaigiza wote watatu, na hata shangazi ambaye mmoja wao alimwendea na swali la aibu, matusi na yote, mwili ukimsisimka kama aliyepandwa na homa. Watu walishika mbavu. Kisha tochi ikamponyoka mkononi, mwanga ukaangukia safu ya tatu, na hapo akamwona mama mkwe, aliyempita mlangoni kwenye msongamano bila kutambulika, katikati ya mashoga zake wawili. Akainama kuiokota tochi, tayari kukimbilia mlangoni.

Bibi alikuwa akijifuta machozi kwa pindo la mtandio.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Mimi nimezalisha wavulana maisha yangu yote. Ulidhani sijui wanaongea nini wakikua?"

Akaendelea. Sauti iliporudi, watu walimzomea fundi na kumtaka aizime.

Jioni mkwe na mama mkwe walikaa jikoni wakimenya viazi. Mume akapita, akauliza filamu ilikuwaje. Wote wawili wakainamia viazi vyao. Alipotoka tu, bibi akasogeza kigoda na kunong'ona kwamba pale kwa shangazi alicheka hata asisikie kitu. Yule mtoto alimwuliza shangazi yake nini hasa?

Mama Tochi akachungulia mlangoni, akahakikisha mumewe yuko mbali, akamwinamia sikioni na kumwambia lote, bila kuruka neno.