Ndimu Niliyonyonya Siku ya Kumzika Kukhu

Nikiwaeleza hii msicheke mapema, ngojeni nimalize, kwa sababu hata mimi hucheka nikifika katikati halafu mwisho unanishinda. Mimi ndiye yule kijana aliyemdondoshea bibi yake mate juu ya jeneza, kijiji chetu kizima cha Bokoli kikiangalia, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Bibi huyo, mama yake baba yangu, tuliyemwita Kukhu, ndiye aliyenilea. Nilipomaliza darasa la nane nikapata kazi Kitale kwenye kinu cha kusaga mahindi, na siku ya kuondoka alinishika viganja akavitemea mate kidogo ya baraka, kama wazee wetu wanavyofanya, akasema, "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utasema neno. Hawa wengine watanisifu uongo."

"Kukhu, mimi hata kusalimia watu kanisani siwezi."

"Utasema. Hata likiwa moja."

Basi siku ikafika. Shida yangu ni kwamba nikiogopa mdomo hukauka kabisa, ulimi unashika juu kama umepakwa gundi. Asubuhi ya mazishi nikamweleza binamu yangu Nekesa, aliyekuwa anasomea uuguzi mjini Bungoma, naye akaniambia, "Nyonya ndimu kidogo kabla hujaitwa, mate yatakuja." Alisema kidogo (hapo ndipo nilipokosea). Nilichuma ndimu nyuma ya jikoni nikanyonya moja, na kwa vile hotuba za wakubwa zilikuwa ndefu, na kila nikiangalia ule umati naona mdomo utakauka tena, nikaongeza nyingine, nikaongeza tena, mpaka meno yakaingia ganzi, na mara mwongozaji akatangaza, "Sasa tumsikie mjukuu wa kutoka Kitale."

Kipande cha ndimu kilikuwa bado shavuni. Ningekitema wapi mbele ya watu? Nikasimama kando ya jeneza, lile lenye kioo kidogo hapo usoni, nikainama kupokea kipaza sauti, nikafungua mdomo niseme "Bwana asifiwe", na mate yakamwagika, uzi mrefu, ukatua kwenye kioo juu ya uso wa Kukhu. Nikafuta kwa mkono wa shati, kioo kikazidi kuchafuka, na nilipotaka kuomba msamaha kile kipande cha ndimu nacho kikaanguka hapo hapo.

"Si mumpe chakula kwanza," mtu akasema huko nyuma, na watu wakaanza kucheka mazishini.

Baba mdogo hakucheka. "Ati unamtemea mama?"

Kwetu mate ya baraka hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mdogo akimtemea mkubwa, tena aliyelala kwenye jeneza, hiyo ni laana. Nilitaka kueleza, lakini kila nikifungua mdomo mate yanakuja mengine. Mwongozaji akanipokonya kipaza sauti polepole. "Tumwelewe, ana uchungu. Anayefuata."

Nekesa alinikuta nyuma ya jikoni. "Nilikuambia kidogo, bana. Ndimu ni asidi. Mdomo ukiionja, mate yanakimbia kuja kuipunguzia makali isiharibu meno, na ukizidi kunyonya nayo yanazidi kuja. Hayajui kama kuna mazishi." Akaenda kumweleza na baba mdogo vilevile. Baba mdogo akasema amesikia, lakini wakati wa kula alinipa mgongo.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, nilirudi kaburini. Mdomo ulikuwa umekauka tena. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu, "Kukhu, ulinilea vizuri," nikauambia ule udongo mbichi, na hakuna aliyesikia.

Tangu siku hiyo sinyonyi ndimu, hata nikiwa na homa. Na nikiitwa tena kumsemea mtu wangu nitasimama na mdomo wangu mkavu, sauti ikwaruze ikitaka, mradi neno litoke kabla hajafukiwa.