Nilitundika matawi ya matanga getini kwetu ili nipate umati wa Roma

Wakuu, naanza na kosa lenyewe ili mnitukane mapema tuendelee.

Jumamosi moja nilitundika matawi ya mchikichi kwenye geti letu. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Nawasalimu kutoka Likasi. Hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, Gracia, mwenzangu wa darasa, ana video na atanianika hapahapa.

Chanzo ni prof wetu wa Kifaransa. Alitupa tamthilia moja ya kale ya Roma, mkubwa wa nchi anachomwa visu na rafiki zake ndani ya bunge, akasema tuigeuze filamu kwa simu. Pointi zake ndizo zingeamua nani anapanda darasa.

Mimi nilisharudia mwaka mmoja. Kurudia tena ningekaa dawati moja na mdogo wangu, ambaye tayari ananiita "kijana wangu".

Kwa hiyo filamu ilikuwa kufa na kupona.

Mwenzetu Trésor, kwa sababu ya tumbo lake kubwa, akawa mkubwa wa Roma. Gracia akashika kamera, maana simu ni yake. Mimi nikawa rafiki anayehutubia juu ya maiti. Vijana watatu wa darasani wakawa wauaji.

Kuua kulienda vizuri. Shuka nyeupe ya mama, ile ya wageni tu, ikawa vazi la Kirumi. Tomati ya kopo ikawa damu. Visu hatukuthubutu, tukatumia vijiko. Tulimuua Trésor mara tisa kwa sababu kila akifa anailamba damu yake.

Shida ikawa hotuba. Kwenye tamthilia, Roma nzima inasikiliza, inalia, kisha inawakimbiza wauaji. Umati wetu sisi ulikuwa mdogo wangu na mbuzi wa jirani. Mbuzi ndiye alikuwa makini.

Nikajiuliza: hapa Likasi, nini kinaleta watu bila kuitwa?

Matanga! Kwetu ukiona matawi ya mchikichi getini, huulizi. Unaingia, unakaa, unalia. Jina la marehemu utalijua ukishapumzika.

Dakika ishirini, ua umejaa. Jirani yetu Mama Kapinga alitangulia, kiti cha plastiki kichwani.

"Ni nani alikufa?" alimuuliza mwenzake.

"Minye pia njo nafika. Lia kwanza, tutajua."

Wakaja mamaa wa kwaya na ngoma. Trésor amelala katikati, kafunikwa shuka mpaka kichwani, tomati kila mahali. Gracia akaninong'oneza, "Weye, ongea! Batri inaisha!"

Nikapanda juu ya kreti ya soda. "Alikuwa muntu muzuri! Alitupenda siye bote! Na bale balimuua beko pale kwa mulango!"

Watu wote wakageuka. Muuaji mmoja akaangusha kijiko.

Wakuu, nilijiona nimeshapanda darasa.

Sikujua kwamba mtu wa baiskeli amepita sokoni Kikula, mama anakouza unga, akamwambia, "Mama, kwako kuko matawi." Tata, yaani baba yangu, alikuwa zamu kiwandani siku hiyo, kule kwenye shaba. Kichwani mwa mama kilibaki kitu kimoja tu.

Aliingia na kiatu kimoja. Hakumwangalia mtu. Akajitupa juu ya Trésor.

"Yoo, bwana yangu! Unaniacha na huyu mupumbavu wako peke yangu!"

Mpumbavu ni mimi. Alininyooshea kidole bila hata kuinua kichwa.

Ua mzima ukalia upya. Gracia anaendelea kurekodi. Mimi nikaona mikono ya mama, imejaa unga hadi viwiko. Nikashuka kwenye kreti.

"Mama... ni Trésor."

Na maiti kutoka chini: "Mama, pardon, unanikalia tumbo."

Mama akafunua shuka.

Prof alisema umati wa Roma uligeuka kwa hotuba moja. Wa Likasi hauhitaji hotuba. Wauaji uliwaacha, ukanifuata mimi na marehemu hadi relini, Mama Kapinga mbele na kiti chake. Hamjaona mnene akikimbia ndani ya shuka.

Jioni tata akarudi kazini, akakumbatiwa na wanawake wote wa mtaa huku wanalia. Mpaka leo anadhani walimkumbuka tu.

Adhabu siwasimulii. Niseme tu bado nachota maji ya nyumba tatu, mojawapo ya Mama Kapinga.

Filamu ikaonyeshwa shuleni, wazazi wakaalikwa. Prof alifuta miwani mara mbili, akauliza yule mwigizaji wa mwisho tumemtoa wapi. Nimepanda darasa. Tata alikuwa zamu tena; mama alikaa mstari wa mbele, akajiangalia analia.

Nilichojifunza: watu wanaokuja kulia kabla ya kujua jina si wa kuchezea. Ukihitaji umati, omba.

Haya, semeni na nyie, mlishawahi kumliza mama kwa upuuzi? Msinitukane peke yangu.

Siku ile ya filamu, tulipofika nyumbani kutoka shuleni, mama alikunja ile shuka yenye doa, akaniwekea mikononi. Neno kwa neno:

"Hii utafula tena. Na siku minye nitakufa kweli-kweli, weye utapita mulango kwa mulango kuita bantu, sababu matawi ya hii nyumba hakuna muntu atayaamini tena."